Jino Linalolegea Kabla ya Wakati Wake: Saratani za Damu za Kichwa na Shingo Katika Mikoa ya Kusini

Meno ya maziwa yana ratiba yake. Ya mbele hung'oka mtoto akiwa na miaka sita au saba, na hakuna mzazi wa Mtwara au Lindi asiyelijua hilo, maana ndiyo siku mtoto anapolirusha jino lake juu ya paa na kuomba aletewe jipya. Magego ya maziwa hayana haraka hiyo. Hukaa kinywani mpaka mtoto afike miaka tisa, kumi, mara nyingine kumi na miwili. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano ambaye gego lake linacheza, wakati halijatoboka wala hajaanguka akaligonga, tusiseme amewahi kukua kuliko wenzake. Mfupa unaolishikilia jino hilo unaliwa kutoka ndani. Katika ukanda wetu, jambo la kwanza ambalo mhudumu wa afya anapaswa kulifikiria hapo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembechembe za damu inayopenda taya za watoto, na kwa niliyoyaona, ndilo hufikiriwa mwisho, baada ya meno mawili matatu kung'olewa.

Nina hoja moja tu katika makala haya. Kwa saratani za damu zinazojitokeza kichwani na shingoni, mikoa ya Kusini inapoteza wagonjwa wake mapema sana, kabla hata jina la ugonjwa halijatamkwa: kwenye kiti cha kung'olea meno na kwenye meza ya kuandikia dawa za TB, mahali ambapo kipande kidogo cha nyama kilipaswa kukatwa na kupelekwa maabara, na hakikukatwa. Tunapozungumzia saratani, macho yetu yote hutazama Dar es Salaam, kwenye mashine na vitanda. Ninadai kwamba tunatazama mwisho wa njia, ilhali shimo liko mwanzoni.

Sisemi haya kama mtu wa pembeni. Mpwa wangu, mtoto wa mdogo wangu wa kike anayeishi upande wa Tandahimba, alianza kulegea gego la chini kushoto mwezi Julai, akiwa na miaka mitano na nusu. Alipelekwa kwenye chumba cha meno cha kituo kimoja ambacho sitakitaja, likang'olewa, akapewa antibayotiki na dawa ya maumivu, akarudi nyumbani akiwa na jino lake kwenye kipande cha pamba. Alilirusha juu ya paa kama wenzake. Baada ya siku kumi na mbili jino la jirani nalo likaanza kucheza, na shavu likajaa, gumu, lisilo na joto na lisilouma sana hata likiminywa. Likang'olewa la pili. Kwenye daftari lake la matibabu, ambalo ninalo hapa mezani, imeandikwa "jipu la jino", kisha wiki moja baadaye, kwa mwandiko mwingine, "matubwitubwi?", pamoja na ile alama ya kuuliza ambayo aliyeiandika, Mungu ambariki, alikuwa na unyofu wa kuiweka.

Magonjwa haya matatu si vigumu kuyatenganisha mtu akiyatazama kwa utulivu. Matubwitubwi huja na homa, huuma, hukaa mbele na chini ya sikio, na ndani ya siku kumi hivi huwa yamenywea. Jipu la jino lina jino bovu, lina joto, lina usaha, na mtoto halali usiku kwa maumivu. Limfoma ya Burkitt huujaza mfupa wenyewe. Meno hulegea kabla uvimbe haujaonekana vizuri kwa nje, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, na mara nyingine pande zote mbili au juu na chini. Ufizi huvimba na kuyasukuma meno mpaka yakakaa upandeupande. Na uvimbe ukiwa kwenye taya la juu, hupanda hadi kwenye tundu la jicho na kulisukuma jicho nje. Picha ya eksirei ya kawaida, isiyohitaji mashine ya ajabu, huonyesha kwamba ule mstari mweupe mwembamba wa mfupa unaozunguka mzizi wa jino umefutika. Ugonjwa huo huo unaweza kujitokeza tumboni, kwenye figo au kwenye ovari za msichana, na ukiingia kwenye uti wa mgongo humfanya mtoto ashindwe kutembea, lakini katika Afrika yetu taya ndiyo alama yake kuu, hasa kwa watoto wa miaka minne hadi saba, na wavulana hupata zaidi kuliko wasichana.

Jina la ugonjwa linatokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto, jambo ambalo hakuna jipu wala uvimbe wa kawaida unaoweza kulifanya. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye sura ile ile. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958, akidhani ni saratani ya aina ya sakoma, na wataalamu wa patholojia ndio waliokuja kuonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za kinga. Ninachokienzi kwa Burkitt ni kilichofuata. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu na, pamoja na madaktari wenzake wawili, akaendesha kwa majuma kumi kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 16,000 kwa jumla, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha: je, watoto wa namna hii mnawaona hapa? Ramani iliyotoka ilikuwa na umbo lililo wazi. Ugonjwa ulikuwa umekaa katikati ya Afrika kama mshipi, ukikwepa nyanda za juu na nchi kavu, kisha ukaacha mkia mrefu ulioshuka kufuata pwani ya Msumbiji.

Mtu wa Mtwara akiiangalia ramani hiyo hahitaji mkalimani. Mto Ruvuma, ulio mpakani na Msumbiji, haukuwahi kuzuia kitu chochote kilichosafiri kwa mbu. Uwanda wa Makonde, pamoja na ubaridi wake wa asubuhi pale Newala, haufiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mabonde yake yana joto na unyevu. Na malaria hapa ina makao ya kudumu. Kwa nchi nzima, tafiti za kitaifa zilionyesha maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano yakishuka kutoka takriban asilimia 18 mwaka 2008 hadi takriban 7 mwaka 2017, lakini mikoa yetu miwili imebaki kwenye kundi la walio juu. Tumezoea kuihesabu malaria kwa homa na upungufu wa damu. Hatuihesabu kwa taya.

Uhusiano wenyewe una tabaka mbili. La kwanza ni kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtoto wa kwetu hukipata kwa mate akiwa bado mdogo, na wengi wetu huishi nacho mpaka kaburini bila kujua tunacho. Kinajificha ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. La pili ni malaria ya falsiparum, ambayo kila inapomrudia mtoto huziamuru seli hizo hizo B zigawanyike kwa kasi na kuzikatakata jeni zake ili zitengeneze kingamwili mpya. Katika ukataji huo wa mara kwa mara, siku moja seli moja hukosea: kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu ya 14, jeni inayoitwa MYC hujikuta jirani na swichi isiyozimwa kamwe, na kirusi kilichomo ndani huisaidia seli hiyo isife kama ilivyopaswa. Mwaka 2012 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi makali kwenye orodha ya visababishi vya saratani vyenye uwezekano mkubwa. Hapa Tanzania swali hilo lilikuwa limeshajaribiwa mkoani Mara kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto walipopewa klorokwini ili kuona kama ugonjwa wa Burkitt utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge, na vimelea vikaanza kuizoea klorokwini, kwa hiyo jaribio halikuweza kufunga mjadala.

Nigusie pia minyaa, kwa kuwa nimeshaulizwa. Utomvu mweupe wa mnyaa, mti huu tunaouotesha kama uzio wa boma, umeonekana maabara ukikiamsha kirusi cha Epstein-Barr, na watafiti kadhaa wamedokeza kwamba unaweza kuwa na mchango mahali ambapo ugonjwa umekithiri. Sijaona sababu ya kung'oa uzio wa mtu. Ninaona sababu ya kutosha ya kuwakataza watoto kuuchezea utomvu huo, ambao hata bila saratani unaweza kumpofusha mtu.

Nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu hapo ndipo ratiba mbili zilipogongana, na mmoja wa waliozigonganisha ni mimi. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa familia nyingi mwenye kauli juu ya jando, ndoa na safari ya hospitali kubwa bado ni mjomba. Dada yangu alinipigia simu mwanzoni mwa Agosti.

"Kaka, jino la tatu nalo limelegea, na jicho lake silielewi."

"Vumilia kidogo, mdogo wangu," nilimwambia. "Mnada wa kwanza ukishapita, tutampeleka Dar."

Kwa anayeishi Kusini sentensi hiyo haina kosa. Fedha huku ina msimu. Korosho huanza kudondoka, hukaushwa, hufungwa kwenye magunia, hupelekwa ghala la chama cha msingi, na mnada hufunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo nyumba nyingi huishi kwa mkopo na muhogo. Harusi husubiri korosho, bati husubiri korosho, karo husubiri korosho. Seli za limfoma ya Burkitt huongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48, na hakuna saratani nyingine ya binadamu inayojulikana kukua kwa kasi ya kuizidi hiyo. Kutoka Agosti hadi mnada wa kwanza ni wiki nane au tisa. Hesabu hiyo sikuifanya mimi. Aliifanya tabibu mmoja kijana wa kituo cha jirani, ambaye dada yangu alimpelekea mtoto kwa ajili ya homa ya malaria, na ambaye alipomfunua mdomo alikaa kimya, akampapasa tumbo, akaandika rufaa siku hiyo hiyo na kumwambia mama asirudi nyumbani kubadilisha nguo. Nauli ilipatikana kwa kangomba, yaani kumwuzia mlanguzi korosho kabla ya msimu, na wanaoijua kangomba wanajua bei yake.

Sitaki mzigo wote uwe wa familia. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na kutoka vijiji vya ndani vya Nanyumbu au Liwale safari huanza siku moja kabla ya hapo. Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilitutoa kwenye enzi za kivuko, lakini Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na Kusini ikakumbuka ghafla kwamba ina mlango mmoja. Mgonjwa wa saratani inayokua kwa saa hawezi kutegemea mlango mmoja.

Kilichotokea Dar es Salaam nakieleza kwa ufupi, kwa sababu kilikwenda kama vitabu vinavyosema, na hilo peke yake ni la kushangaza. Walikata kinyama, wakakitazama kwenye hadubini, wakakuta ile sura ambayo wataalamu huifananisha na anga yenye nyota: shuka la seli nyeusi zilizobanana, katikati yake madoa meupe ya seli zinazokula maiti za wenzake. Hakupasuliwa. Watu wengi hudhani uvimbe wa taya hutibiwa kwa kisu, na wapo watoto waliokatwa taya bila faida; limfoma hii hutibiwa kwa dawa ya mshipani, siklofosfamidi kama mhimili, vinkristini na methotreksati pembeni yake, pamoja na sindano za mgongoni za kulinda ubongo. Vinkristini, kwa taarifa ya wapenda bustani, asili yake ni kile kimmea cha Madagaska chenye maua ya waridi na meupe kinachoota chenyewe kwenye viwanja vya nyumba zetu za pwani, jambo lisilomaanisha kwamba mtu achemshe majani yake. Dozi ya kuponya na dozi ya kuua hapo zimekaribiana sana. Dawa zenyewe hazikutugharimu, kwa kuwa matibabu ya saratani kwa watoto pale Muhimbili hutolewa bila malipo kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha. Kilichotugharimu ni miezi.

Hatari ya kwanza ya tiba hii ni mafanikio yake. Seli zinazokua haraka hufa haraka, na zikifa zote kwa mkupuo humwaga takataka nyingi kwenye damu kiasi cha kuweza kuzima figo, ndiyo maana wauguzi walikuwa wakimwekea dripu za maji mfululizo na kupima kila tone la mkojo. Hatari ya pili ilimkuta mama. Siku ya tano shavu lilikuwa limenywea. Siku ya nane jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Dada yangu alinipigia simu kwa furaha: "Kaka, amepona kabisa, turudi tuwahi korosho." Watoto wengi wa Afrika hupotelea hapo, wazazi wakiondoka wodini na mtoto anayeonekana mzima, kisha uvimbe ukarudi baada ya miezi michache ukiwa umeshazizoea dawa. Safari hii mjomba alitumia kauli yake vizuri kidogo kuliko mara ya kwanza. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona, na Shirika la Afya Duniani liliiweka limfoma ya Burkitt mwaka 2018 miongoni mwa saratani sita za watoto zinazobeba lengo la kufikisha uponaji wa asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na wodi peke yake iwapo watoto wanaifikia wodi wakiwa wamechelewa.

Kwa watu wazima kiti cha meno hugeuka kuwa meza ya TB. Mtu mzima wa Kusini mwenye mtoki shingoni, ambaye anatoka jasho usiku, ana homa za jioni na amepungua uzito, ataandikiwa dawa za TB ya tezi karibu kila mahali, na mara nyingi hilo litakuwa sahihi, kwa kuwa kifua kikuu kipo na hukaa kwenye tezi za shingo. Tatizo ni kwamba orodha hiyo ya dalili, neno kwa neno, ndiyo orodha ya limfoma ya Hodgkin na ya limfoma nyinginezo. Thomas Hodgkin alieleza tezi zilizovimba za wagonjwa wake London mwaka 1832, na ilichukua miongo mingi kabla hadubini haijatenganisha zile za kifua kikuu na zile za ugonjwa uliopewa jina lake. Sisi tunarudia kosa hilo kila siku kwa kuamini kwamba jicho na vidole vinatosha. TB ya tezi hupenda kushikana na ngozi, kulainika na kutoboka. Tezi za limfoma kwa kawaida hubaki zikiteleza chini ya vidole kama mpira mgumu, haziumi, na huongezeka moja baada ya nyingine. Lakini neno "hupenda" na "kwa kawaida" si kipimo. Mgonjwa anaweza hata kuwa na vyote viwili. Mwenye VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya TB na pia ya limfoma, zikiwemo zile za ukali wa pekee zinazoota kwenye fizi na kaakaa, ambazo mgonjwa mwenyewe huziita kidonda cha mdomo.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Dawa za TB ni miezi sita. Daktari akianzisha dawa kwa kukisia na tezi isiponywea, mgonjwa huambiwa avumilie amalize dozi, na anapomaliza, limfoma iliyokuwa shingoni tu iko kifuani na tumboni. Hodgkin iliyokamatwa mapema ni miongoni mwa saratani zinazopona kwa wingi zaidi kwa watu wazima, kwa hiyo miezi sita hiyo ni ghali mno. Yako pia mazoea ya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe. Mtu akinunua vidonge hivyo dukani kwa ajili ya uvimbe usioeleweka, limfoma hunywea kwa wiki mbili tatu, kila mtu akafurahi, na hata kinyama kikichukuliwa wakati huo kinaweza kumdanganya mtazamaji wa hadubini kwa sababu seli za saratani zimetoweka kwa muda. Kwa maoni yangu, kumpa prednisoloni mtu mwenye mtoki usiojulikana ni sawa na kufuta nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika. Kuna saratani za damu zinazojitangaza kwa namna nyingine kabisa, kama lukemia inayovimbisha fizi na kuzitoa damu, au inayomtokeza mtoto jicho kama lile la Burkitt, na hizo angalau kipimo cha damu cha kawaida hutoa ishara. Mtoki hautoi ishara kwenye damu. Mtoki unataka kisu kidogo.

Kwa hiyo napendekeza kanuni mbili ambazo hazihitaji jengo jipya. Mtoto wa chini ya miaka tisa mwenye gego la maziwa linalocheza bila sababu inayoonekana asing'olewe jino mpaka apigwe picha ya taya, na akiwa na uvimbe akatwe kinyama siku hiyo au aandikiwe rufaa siku hiyo. Mtu yeyote mwenye mtoki wa shingo unaozidi sentimita mbili au uliokaa zaidi ya wiki nne, na hasa ulio juu ya mfupa wa mtulinga, hata uwe mdogo, asianzishiwe dawa za TB wala prednisoloni kabla sampuli haijachukuliwa, na ikiwa sindano nyembamba haikutoa jibu, tezi nzima itolewe, kwa sababu Hodgkin hujificha kwenye seli chache mno na sindano huzipita. Najua jibu nitakalopewa: wataalamu wa patholojia ni wachache na wengi wako mbali. Ni kweli. Ndiyo sababu nasema kisafiri kinyama kabla ya mtu. Nauli ya chupa si nauli ya mtoto, mama yake na mtu wa kuwasindikiza.

Hili lilishafanyika Afrika Mashariki miaka zaidi ya sitini iliyopita. Burkitt alipokubaliana na Anthony Epstein wa London wautafute mzizi wa ugonjwa, vipande vya uvimbe wa taya vilikuwa vikitumwa kwa ndege ya usiku kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa ukungu ikapelekwa Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yakiwa na ukungu wa aina nyingine. Epstein angeweza kuimwaga akidhani imeoza. Aliitazama, akakuta seli hai zinaelea, akazikuza, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaonyesha kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kama nyama ya taya la mtoto wa Uganda iliweza kuvuka mabara mawili usiku mmoja kwa ajili ya utafiti, basi kinyama kutoka Newala kinaweza kufika Mitengo, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au Dar es Salaam, kwa ajili ya matibabu. Makohozi ya TB husafiri. Matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokaushwa kwenye karatasi husafiri. Basi la Newala hubeba mpaka kuku.

Mpwa wangu sasa yuko darasa la tatu. Upande wa chini kushoto ana pengo ambalo halitajaa, kwa sababu vichipukizi vya meno ya ukubwani viliharibiwa pamoja na mfupa, na muhogo wa kuchoma anautafuna kwa kulia.

Mwezi uliopita nilikwenda naye kwenye chumba kimoja cha meno, si kile cha kwanza, kwa ajili ya jino jingine lililotoboka kweli. Tulipomaliza nilimwuliza tabibu kama ana fomalini ya kuhifadhia kinyama. Alivuta droo ya chini, akatoa chupa ya plastiki iliyobaki robo, akaifungua na kuinusa.

"Hii ni spiriti, mzee wangu," alisema. "Fomalini wanayo maabara, lakini ile kali. Sijui inachanganywaje."

Nilimwambia nilivyoambiwa na mtaalamu wa patholojia kule wodini: sehemu moja ya ile kali kwa sehemu tisa za maji, chupa iwe na mdomo mpana, na dawa izidi kinyama mara kumi. Alichukua kalamu ya wino mzito, akatafuta chupa tupu iliyokuwa ya vidonge, akaandika ubavuni mwake: moja kwa tisa.